Mkimbiaji, usipuuze maumivu ya muundi

Je, wewe hukimbia kila alfajiri na kila mara muundi wa mguu hukuuma? Unapumzika wiki moja, unapata nafuu. Ukirudi barabarani, maumivu nayo yanarudi. Wengi hulaumu viatu au lami, kisha humeza dawa za kutuliza maumivu na kuendelea kukimbia. Hilo ni kosa.

Bonyeza mfupa kwa kidole. Ikiwa maumivu yameenea kwenye ukingo wa ndani wa muundi, huenda mfupa na misuli iliyoushika imechoshwa na mazoezi. Ikiwa yako mahali pamoja, na hukusumbua hata usiku, yamkini mfupa una ufa mdogo. Picha ya eksirei isikuhadae: katika wiki 2 au 3 za kwanza, mara nyingi haionyeshi ufa huo. Kipimo cha MRI huuonyesha mapema.

Hata ufa una chanzo chake. Je, umeongeza mbio ghafla? Unakula vya kutosha? Mwili unaokosa chakula hupunguza homoni zinazoimarisha mifupa. Wanaume pia hupatwa na hali hii, lakini kwa mwanamke dalili yake kubwa ni kukosa hedhi. Ikiwa huna mimba na umekosa hedhi kwa miezi 3, usidhani ni kawaida ya wanariadha. Mweleze daktari, hata kama umekwenda kutibiwa mguu tu.

Kwa kawaida ufa wa muundi huhitaji mapumziko ya wiki 6 hadi 8. Ukipuuzwa, mfupa waweza kuvunjika kabisa.