Batri ya redio yako iko kila soko. Ya simu yako je?

Ndugu msikilizaji, fungua mgongo wa ile redio ndogo ya kuchaji unayotutumia kusikiliza. Pengine utakuta batri nyembamba imeandikwa BL-5C. Hiyo batri haikutengenezwa kwa ajili ya redio. Ni ya telefone za Nokia, kama ile 1100 yenye tochi iliyotoka mwaka 2003. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na wengi wetu hapa Uvira ndiyo tulianza nayo.

Batri ikajaa kila soko. Basi viwanda vingine vikaanza kuitengeneza, na vingine vikatengeneza redio na vispika vinavyoikubali. Nokia haikupanga hivyo. Lakini leo batri ikikufa uko Kalundu, Sange ama Baraka, unaitoa kwa ukucha, unaweka ingine, redio inasema tena. Hata fundi hauna lazima naye.

Hiyo ndiyo muundo wazi. Muundo uliofungwa ni ile simu ya kisasa ambayo batri yake imebandikwa kwa gundi na visi zake zinakataa turnevisi ya kawaida. Kuna iPhone ambazo ukiziwekea batri isiyotoka kwa kampuni, zinakuandikia kwamba piesi haijulikani. Mimi yangu (si iPhone, makuta ni ya wapi?) ilipashwa moto kwa fundi ili gundi iachie, kioo kikapasuka. Nilienda kwa batri, nikalipa na kioo.

Kwa motokari ni vile vile. Boxer na TVS za motari, piesi zake unazikuta hata kwenye meza kando ya barabara. Toyota ya zamani, makanisie anaijua kwa masikio tu. Gari za sasa moteri inaongozwa na kompyuta. Hapo Marekani iliweka sheria: tangu 1996 kila gari dogo jipya linalouzwa kule lazima liwe na tundu la aina moja, ili garaji yoyote isome ugonjwa wake kwa chombo kimoja. Ulaya nao walifanya hivyo kwa shajeri. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinatumia tundu la USB-C, na Apple yenyewe ilikuwa imekubali tangu iPhone 15, mwaka 2023.

Tusiseme kufunga ni wizi tu. Ile gundi inasaidia kuzuia maji, na sisi tunaishi na ziwa mlangoni. Ufunguo wa gari wenye chipu unamsumbua mwizi, ingawa ukiupoteza unakusumbua wewe zaidi. Sola ya kulipa kidogo kidogo inajizima usipolipa, lakini bila hiyo kufuli nani angemkopesha mama asiye na akaunti ya benki?

Na wazi nayo ina hatari yake. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kwamba BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita zinaweza kupata moto kupita kiasi. Hizo zilikuwa za kweli. Fikiria za bandia. Ikivimba, itoe siku hiyo hiyo, hata kama ingali inashika chaji.

Kwa hiyo ukienda dukani, mbele ya kulipa, mwambie muuzaji akufungulie mgongo wa chombo. Akishindwa, muulize batri yake inauzwa wapi hapa mjini, na nani anaibadilisha, kwa bei gani.