"Nguo za Kazi" ni Nguo Zipi?

Ofisi moja ya serikali iliwahi kuwaandikia watumishi wake barua ikiwataka wafike kwenye upandaji miti wakiwa wamevaa "nguo za kazi". Mwandishi wa makala haya alishiriki kuitafsiri barua hiyo. Siku ilipowadia, akina mama kadhaa walifika na sketi zilizopigwa pasi na viatu vya visigino. Wao hawakukosea kusoma; tuliokosea ni sisi tulioandika.

Tangu zamani Kiswahili kimeyagawa mavazi kwa kufuata shughuli: nguo za kazi, nguo za kushindia na nguo za kutokea. Kwa mama aliyeshinda shambani au jikoni, nguo za kazi zilikuwa zile zisizoogopa uchafu, yaani kaniki au kanga iliyochuja. Doti mpya ilihifadhiwa sandukuni ikingojea arusi au sikukuu. Hivyo nguo za kazi ndizo zilizokuwa na hadhi ya chini kabisa.

Baada ya Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, wanawake walizidi kuingia katika ualimu, uuguzi na ukarani, na mpangilio huo ukapinduka. Gauni, sketi na blauzi, ambazo hapo awali wengi walizivaa kwa kutokea tu, zikawa ndizo nguo za kazi. Kanga iliyokuwa ya kutokea ikawa, kwa karani, vazi la kushindia nyumbani.

Mabadiliko hayo hayakupita kimya. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudia kupiga marufuku sketi fupi, wigi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Masharti ya biashara ya nje yalipolegezwa mwaka 1984, mitumba ilienea masokoni. Neno mtumba, lililomaanisha robota au furushi, likawa jina la nguo yenyewe. Nalo dera, vazi pana lililozoeleka pwani, leo huvaliwa kwa kushindia, na likiwa la kitambaa cha thamani huvaliwa hata arusini.

Wafasiri wengine hukimbilia "mavazi ya kawaida" wanapotaka kutaja nguo zisizo rasmi. Istilahi hiyo haitoshi, kwa sababu kawaida ni jambo lililozoeleka, na mavazi yaliyozoeleka kwa muuguzi kazini ni sare yake.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo. "Mavazi ya ofisini" yatumike kwa yale yanayotakiwa mezani pa kazi. "Sare" ibaki kwa vazi lililowekwa na taasisi. "Nguo za kushindia" ziwe zile za nyumbani na mapumzikoni. "Nguo za kazi" zirudishiwe maana yake ya kwanza, yaani nguo za kazi za mikono. Na panapokuwa na shaka mwandishi aitaje kazi yenyewe: nguo za shambani, nguo za karakana.

Hapana budi mtunga nyaraka ajiulize kwanza ni nani atakayeisoma, na huyo hufanya kazi gani. Laiti nasi tungalijiuliza hivyo, wenzetu wasingalichimba mashimo ya miti wakiwa na viatu vya visigino.