Usikaushe Kinamasi: Watumishi Wako Wamo Humo

Bwana Mkulima, na wewe mama mwenye shamba, panda leo mpaka kichwani mwa shamba lako utazame bondeni. Juu iko nyumba. Chini yake kuna chai au migomba, halafu mahindi, kisha nyasi za ng'ombe. Na mwisho kabisa, kule maji yanakokusanyika, kuna kile kipande kilichojaa mafunjo na matope. Ndivyo mashamba mengi ya Kisii na Nyamira yalivyo: yanaanza mlimani na kwisha mtoni.

Watu wengi hukiita kipande kile cha chini shamba bovu. Ng'ombe hukwama humo, jembe halipiti, na mahindi huoza. Kwa hiyo mkulima huwaza mambo matatu: kuchimba mifereji ili maji yatoke, kupanda mikaratusi ili inywe maji hayo, au kuchimba udongo afyatue matofali. Habari hizi ni za kukuonyesha kuwa kipande hicho si kibovu. Ni nyumba ya viumbe wengi, na wengi wao wanakufanyia kazi usiku na mchana bila mshahara. Ukiwavunjia nyumba, itakubidi uifanye kazi yao wewe mwenyewe, nayo ni ghali.

Jambo hili lawahusu sana watu wa skimu. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata mashamba makubwa ya walowezi katika nchi ya Borabu, mpakani mwa Sotik, yalikatwa vipande na kupewa familia zetu. Wakati ule ardhi ilitosha, na mabonde yakaachwa yalivyo. Leo vipande vile vimegawiwa watoto na wajukuu, na kila mmoja anatafuta mahali pa kupanuka. Jicho lake laanguka bondeni.

KILA KIUMBE NA KAZI YAKE

Nchi yetu hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Maji hayo yakishuka mlimani kwa kasi huchukua udongo mzuri. Yanapofika kwenye mafunjo, kasi yake huvunjika. Mashina hukamata udongo, na mizizi iliyosongamana hunyonya maji kama sifongo na kuyaachilia polepole. Ndiyo sababu chemchemi iliyo karibu na kinamasi kizima hutoa maji hata miezi ya kiangazi. Tena maji hayo hayaishii kwetu. Mto Gucha huanzia katika milima ya Nyamira, hupita Kisii, hukutana na mto Migori, na kuingia Ziwa Victoria. Maji yakishuka yote kwa siku moja, majirani zetu wa Nyatike hupata mafuriko, na sisi hubaki na chemchemi kavu.

Sasa tazama viumbe wa ndani. Mafunjo huweka kivuli juu ya maji. Ndani ya kivuli hicho huishi kereng'ende, vyura, samaki wadogo na wadudu waogeleao. Watoto wa kereng'ende huishi majini, nao hula viluwiluwi vya mbu. Samaki nao huvila. Chura hula wadudu, nyoka hula chura na panya, na ndege hula panzi na viwavi wanaotoka shambani kwako. Hakuna hata mmoja asiye na mlaji wake. Kwa hiyo hakuna anayezidi mpaka akawa balaa.

Ndugu mkulima, shika neno hili: kiumbe hawezi kutengwa na makao yake. Ukibadilisha makao, umebadilisha wakaaji. Wengine watakufa, wengine watahama, na watakaokuja mahali pao huenda wakawa maadui zako.

MASHIMO YA MATOFALI NA MALARIA

Adui wa kwanza kuja ni mbu. Hatusemi kwamba kinamasi cha asili hakina mbu kabisa. Wamo. Lakini mbu mkubwa wa malaria katika nchi zetu, yule ambaye wataalamu humwita Anofelesi gambiae, hapendi maji yenye kivuli na maadui wengi. Hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi, vinavyopigwa na jua. Shimo la matofali lililojaa maji ya mvua ndilo hasa analotafuta. Jua hulipasha joto, na kwa kuwa ni jipya, halina samaki wala kereng'ende. Yai lililotagwa leo laweza kuwa mbu arukaye baada ya siku kumi hivi.

Wataalamu waliochunguza jambo hili magharibi ya Kenya walitoa taarifa yao mwaka 2004. Walitafuta viluwiluwi wakati wa kiangazi, wakavikuta katika maji ya mahali palipovurugwa na kazi za watu, kama mashimo ya matofali. Maana yake ni kwamba mashimo huwatunza mbu mpaka mvua zirudi.

Huko Kigezi, katika milima ya kusini-magharibi ya Uganda, watu walikausha vinamasi vingi vya mafunjo ili walime. Mwaka 2000 wataalamu walitoa taarifa baada ya kulinganisha vijiji vilivyo karibu na vinamasi vya asili na vijiji vilivyo karibu na vinamasi vilivyolimwa. Kwenye vile vilivyolimwa hali ya hewa ilikuwa na joto zaidi kwa karibu digrii moja, na hatari ya malaria ilikuwa kubwa zaidi. Utasema digrii moja ni kitu gani? Katika nchi ya baridi kama yetu ni kitu kikubwa. Kijidudu cha malaria hukomaa ndani ya mbu, na baridi humchelewesha. Joto likiongezeka kidogo, hukomaa kabla mbu hajafa.

Nasi twajua malaria ikija milimani hufanya nini. Watu wa pwani na wa kando ya ziwa huumwa mara kwa mara, na miili yao hupata kinga kidogo. Watu wa milimani hawana kinga hiyo. Maradhi yakizuka, huangusha wakubwa kwa wadogo. Wazee wanakumbuka miaka ya 1990, na tena mwaka 2002, hospitali za Kisii na Nyamira zilivyojaa wagonjwa na watu wengi wakafa. Vyandarua, dawa za kupuliza ndani ya nyumba na dawa za kutibu zimesaidia sana tangu wakati huo. Lakini haifai kumfukuza mbu nyumbani huku unamjengea kitalu bondeni.

SAMAKI WALIFANYA KAZI KISII

Iko habari njema kutoka hapa hapa kwetu. Wataalamu wa ICIPE, kile chuo cha uchunguzi wa wadudu kilichoko Nairobi, walitia samaki aina ya perege katika mabwawa ya Kisii ya Kati yaliyokuwa yameachwa bila samaki. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2007. Baada ya majuma 15, viluwiluwi vya mbu wa malaria katika mabwawa yenye samaki vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Mwaka 2008 walitoa taarifa nyingine: mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa yalikuwa na mbu wa malaria wengi kuliko yale yanayotunzwa.

Funzo ni wazi. Bwawa lenye samaki ni chakula na ulinzi. Bwawa lisilo na samaki ni kitalu cha mbu. Tangu Serikali ilipohimiza ufugaji wa samaki mwaka 2009 na 2010, mabwawa mengi yalichimbwa, na mengine yameachwa. Kama lako limebaki na maji matupu, mwone ofisa wa samaki akushauri juu ya vifaranga, au ulifukie.

MKARATUSI UNA MAHALI PAKE

Mkaratusi si mti mbaya. Uliletwa Kenya karibu mwaka 1902 ili kupata kuni za gari la moshi, na mpaka leo hutupa nguzo, mbao na kuni za viwanda vya chai. Hukua upesi, na mkulima hupata fedha za karo. Lakini mti ukuao upesi hunywa maji mengi. Ukiupanda bondeni, mizizi yake imekaa mezani pa maji mwaka mzima. Mafunjo hudhoofika, chemchemi hupungua, na mama huanza kutembea mbali na mtungi. Ndiyo sababu mwaka 2009 Serikali iliagiza mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na chemchemi ing'olewe. Mahali pake ni juu, kwenye mteremko mkavu usiofaa kwa chai wala mahindi. Kando ya maji panda mianzi au miti ya asili ya mahali hapo.

KORONGO TAJI, MGENI ANAYEONDOKA

Yuko ndege mmoja ambaye wazee wote wanamjua: korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, yule ambaye Uganda imemweka katika bendera yake. Yeye hawezi kuzaa pasipo kinamasi. Hujenga tago lake kwa manyasi katikati ya maji, ili mbwa na watu wasifike. Kwa kawaida jike hutaga mayai mawili au matatu, na dume na jike huatamia kwa zamu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Wakati mwingine hutembea malishoni na kula panzi, minyoo na vyura. Kweli, huokota pia mbegu za mahindi zilizopandwa karibuni. Mtoto mmoja wa kumfukuza kwa majuma mawili ya kwanza yatosha.

Mwaka 2012 korongo huyu alitiwa katika orodha ya ulimwengu ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka, kwa sababu hesabu yake katika Afrika ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Vinamasi vinakaushwa, mayai yanachukuliwa, na makinda yanauzwa. Kwako wewe, korongo ni ishara. Akijenga tago bondeni mwako, jua maji yako yangali mazima. Asipoonekana tena kwa miaka, nenda ukakague chemchemi.

YAFAAYO KUFANYWA

Twajua kwamba karo haingoji, na tanuru la matofali hutoa fedha upesi. Hatukuambii uache kila kitu. Fanya hivi:

1. Acha ukanda usiolimwa kando ya mto. Kanuni za Serikali hutaka usipungue mita 6, nao waweza kufika mita 30 kwa kadiri ya upana wa mto.

2. Usichimbe mfereji wa kukausha kinamasi chote. Panda nduma pembeni, mahali penye unyevu, na uache mafunjo ya katikati.

3. Kata mafunjo kwa zamu, sehemu moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, kwa ajili ya mikeka na kuezeka. Usiyachome moto.

4. Ukifyatua matofali, chimba mahali pa juu, si ndani ya kinamasi. Chimba shimo moja kwa wakati, na ukimaliza lifukie kabla hujafungua jingine. Mwuzie mtu matofali, lakini usimwachie jirani yako shimo.

5. Shimo lililo na maji na haliwezi kufukiwa, lipasulie njia maji yatoke, au tia samaki. Vidimbwi vidogo vikaushe kila juma, maana mbu hahitaji majuma mawili.

6. Mikaratusi iliyoko bondeni ikikomaa, ikate na kung'oa visiki visichipue. Panda mianzi au miti ya asili badala yake.

7. Waambie watoto wasichukue mayai wala makinda ya korongo. Sheria inamlinda.

Kazi hii mtu mmoja hawezi kuimaliza. Kinamasi hakijui mipaka ya mashamba: ukiacha mafunjo yako na jirani wa juu akakausha yake, chemchemi ni ileile. Lakini Abagusii wana desturi yao ya zamani ya risaga, ambapo majirani huitana kulima shamba la kila mmoja kwa zamu. Risaga hiyohiyo yaweza kufukia mashimo ya kijito kizima kwa siku chache. Itisheni mkutano wa watu wenye mashamba katika bonde moja, mwalikeni Bwana Shamba na mhudumu wa afya, mtembee pamoja tangu chemchemi mpaka mtoni, na kuhesabu mashimo yaliyo wazi, mikaratusi iliyo majini na mabwawa yasiyo na samaki. Andikeni hesabu hiyo. Anzeni na shimo lililo karibu zaidi na nyumba yenye watoto wadogo, na lifukiwe kabla ya mvua za masika.