Maswali Mengi Humchosha Mgonjwa

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yuko mgonjwa asiyeficha lolote, na bado majibu yake yakampotosha daktari. Huyo ni mgonjwa aliyechoshwa na maswali.

Dodoso la afya, yaani karatasi ya maswali, humtaka mgonjwa aeleze mwenyewe yale ambayo kipimo cha damu hakiyaoni: maumivu, usingizi, huzuni, nguvu za kufanya kazi. Dodoso maarufu liitwalo SF-36 lina maswali 36. Tafsiri yake ya Kiswahili ilijaribiwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999.

Maswali yakizidi, mwenye homa au maumivu ya mgongo huanza kutia alama safu ile ile toka juu hadi chini, au huziruka kurasa za mwisho apate kumaliza. Karatasi itasema hajambo, kumbe amelemewa.

Shirika la Afya Duniani lilitunga dodoso la maswali 100 kuhusu ubora wa maisha, kisha likatoa jingine fupi la maswali 26. Ufupi nao una gharama: maswali yakipungua mno, mambo ya maana huachwa. Busara ni kuuliza yatakayotumika tu, na kuyatanguliza yaliyo mazito.

Nawe, ndugu msomaji, ukichoka sema umechoka. Omba upumzike, ama usomewe. Swali lililoachwa wazi humwonya daktari. Alama iliyotiwa ovyo humdanganya.