Jicho la Uani: Ni Nani Mwenye Ufunguo wa Kamera za Nyumba Yako?

Nyumba ya mdogo wangu wa kike iko Ruiru, si mbali na barabara kuu iendayo Thika. Mumewe alihamishwa kikazi kutoka Mombasa, na binti yao mkubwa anasoma Chuo Kikuu cha Mount Kenya kule Thika. Nilikwenda kuwazuru wakati wa likizo, na baada ya swala ya alasiri nikaketi ukumbini na kikombe cha kahawa. Kwenye runinga kulikuwa na picha nne kwa pamoja: lango, gari, ngazi na uani. Katika ile ya uani nikamwona dada yangu akianika nguo, kichwa wazi, leso kiunoni, kama mwanamke yeyote anavyokuwa ndani ya ua wake.

Alipoingia nikamuuliza kama anajua kuwa anaonekana. "Kaka, ni sisi wenyewe tunaojiona," akanijibu. "Wezi wameruka ukuta wa jirani mara mbili, tukaona afadhali tuweke kamera."

Binti yake akainua uso. "Lakini mjomba, fundi naye anaona. Juma lililopita alimpigia baba simu, akasema kamera ya nyuma imeshikwa na utando wa buibui."

Dada yangu aliweka chini kapu la nguo, asiseme neno.

Nimeona niwaeleze wasomaji tulilolifanya jioni ile na siku ya pili yake, kwani jamaa zetu wengi kutoka Mombasa, Malindi na Lamu wanaishi katika ukanda huo wa Ruiru, Juja na Thika, na nyumba zenye kamera zimekuwa nyingi huku Pwani pia. Mimi si fundi. Ninayoyajua niliyajua tulipofunga kamera za madrasa yetu, kwa kukosea na kuuliza.

Kwanza tufahamu chombo chenyewe. Kamera za siku hizi hazipeleki picha moja kwa moja kwenye runinga. Kila kamera ni kama kompyuta ndogo, ina anwani yake ya mtandao na nywila yake. Zote huungwa kwa waya kwenye kisanduku kiitwacho rekoda, ambacho ndani yake mna diski ya kuhifadhi picha. Rekoda nayo huungwa kwenye ruta ya nyumbani, na kwa njia hiyo mtu aliye mbali hutazama kwa simu.

Mpwa wangu, ambaye ana kompyuta ya mkononi na subira ya kutosha, alijaribu kwanza kuifungua kamera ya uani kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari. Haikufunguka. Wengi hukwama hapo wakadhani kamera imeharibika. Sababu ni kwamba rekoda nyingi zina matundu ya waya nyuma yake yanayozipa kamera umeme na mtandao kwa waya mmoja, na mtandao huo ni wa rekoda peke yake, hauchanganyiki na ule wa nyumba. Ni mfano wa nyumba zetu za mawe: vyumba vya ndani huvifikii kutoka barabarani, sharti upite dakani kwanza. Rekoda ndiyo daka. Lazima uingie katika ukurasa wake, kisha kutoka pale ndipo uende kwenye kamera moja moja.

Anwani ya rekoda tuliipata kwenye runinga, katika orodha ya mipangilio ya mtandao. Nywila ilikuwa kazi nyingine. Shemeji alimpigia fundi, na fundi akauliza kwa nini tunaitaka. Swali hilo lilinikera, maana mali ni ya mwenye nyumba na ameilipia. Mwishowe akaitoa: jina la chombo na tarakimu tatu. Tuliiandika kwenye kivinjari cha kompyuta iliyounganishwa na ruta ileile, na ukurasa ukafunguka.

Rekoda za zamani zina taabu yake. Ukurasa hufunguka lakini picha hazionekani, kwa sababu ziliundwa kwa Internet Explorer, ambayo Microsoft waliistaafisha Juni 2022. Atakayekutana na hali hiyo asikate tamaa. Mara nyingi mipangilio hubadilika vizuri hata bila picha kuonekana, na kivinjari cha Edge kina namna ya kuigiza kile cha zamani.

Kutoka dakani hadi vyumbani, njia hutofautiana kwa kampuni. Kwenye rekoda za Hikvision kuna kitu kiitwacho "Virtual Host", ambacho huwashwa katika mipangilio ya mtandao, sehemu ya ziada. Ukishakiwasha, orodha ya kamera huonyesha kiungo mbele ya kila kamera, na ukikibonyeza ukurasa wa kamera yenyewe unafunguka. Kwenye za Dahua, orodha ya kamera ina alama ndogo ya kivinjari pembeni mwa kila kamera, na kazi yake ni hiyohiyo. Kamera itakuuliza nywila, na aghalabu ni ileile ya rekoda iliyowekwa siku ya kufungwa.

Sasa niseme tulichokikuta.

Katika orodha ya watumiaji palikuwa na majina mawili: la mkuu, na la pili ambalo hakuna mtu wa nyumba aliyelijua. Tukalifuta. Tukabadilisha nywila ya mkuu ikawa ndefu, yenye herufi na tarakimu, na dada yangu akaiandika katika daftari lake la hesabu za nyumba na kulitia kabatini. Hapo ndipo nilipodhani tumemaliza, lakini mpwa wangu akaniambia bado. Huduma ya kutazama kwa simu ilikuwa imesajiliwa kwa akaunti ya fundi, na shemeji alikuwa amekaribishwa tu kama mgeni. Yaani mwenye nyumba alikuwa mgeni, na mgeni ndiye mwenye nyumba! Kubadilisha nywila ya rekoda peke yake hakumwondoi mtu wa namna hiyo kila mara. Tuliuondoa usajili ule na kuuandika upya kwa simu ya dada yangu, kisha yeye ndiye aliyemkaribisha mumewe.

Kamera ya uani ndiyo iliyotuchukua muda. Ndani ya ukurasa wa kamera kuna sehemu ya kufunika, ambapo unachora mraba mweusi juu ya mahali usipotaka paonekane. Kilichofunikwa hivyo hakionekani kwenye runinga wala simu, na hakiingii katika diski. Tulifunika kamba ya nguo, mlango wa jiko na dirisha la chumba cha wasichana, tukaacha ukuta na lango dogo, mahali ambapo mwizi angepitia. Kisha nikamwomba kijana wa jirani apande ngazi aigeuze kamera yenyewe kidogo kuelekea ukutani. Kwa rai yangu kuigeuza ni bora kuliko kufunika, maana mraba uliochorwa kwa kompyuta waweza kufutwa kwa kompyuta.

Sauti nayo tuliizima. Kamera nyingi zina maikrofoni, na wanunuzi hawaambiwi. Mazungumzo ya wanawake uani, mambo ya ndoa, ya ugonjwa, ya madeni, yalikuwa yakihifadhiwa mchana kutwa katika kisanduku kilicho chini ya runinga.

Halafu saa. Rekoda ilisema ni saa nne na nusu usiku ilhali sisi tulikuwa tunajiandaa kwa magharibi inayokaribia. Ilikuwa imeachwa katika saa za Beijing, ambazo ziko mbele yetu kwa saa tano. Mtu akiruka ukuta saa nane za usiku, rekoda itaandika saa moja ya asubuhi, na ushahidi huo ukipelekwa polisi utamsaidia mwizi kuliko mwenye nyumba. Tukachagua saa za Nairobi, na tukaiamuru rekoda ijisahihishe yenyewe kwa mtandao.

Hesabu ya diski ni fupi. Kamera inayotuma megabiti 4 kila sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne hujaza gigabaiti 173, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 haifiki siku sita kabla ya kuanza kufuta ya zamani. Tulipunguza hadi megabiti 2, na siku zikapita kumi na moja. Picha bado ni safi ya kumtambua mtu.

Huenda msomaji akaona nimemdhania fundi vibaya. Sikumtuhumu kwa lolote, na yawezekana alibaki na ufunguo kwa nia ya kuhudumia wateja wake. Ila ufunguo ukiwa mahali pasipo pake, madhara hayangoji nia mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 2014 ulijulikana mtandao mmoja uliokuwa ukionyesha hadharani picha za maelfu ya kamera duniani, zikiwemo za vyumba vya kulala na vitanda vya watoto, kwa sababu tu wenyewe hawakubadilisha nywila za kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda kwa kujaribu orodha fupi ya nywila hizohizo, ikazigeuza jeshi, na mwezi Oktoba ikaangusha huduma kubwa za intaneti Marekani. Machi 2021 wadukuzi waliipata nywila ya mkuu mmoja tu katika kampuni ya Verkada ya Marekani, wakaweza kufikia kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za hospitali. Na Septemba mwaka huohuo Hikvision wenyewe walitangaza kasoro iliyomwezesha mtu kuitawala kamera bila nywila yoyote, wakatoa programu ya kuirekebisha. Ndiyo maana, mkiwa ndani ya ukurasa wa rekoda, tazameni pia kama kuna programu mpya ya kusasisha.

Wanaosoma dini watakumbuka kuwa aya ya 58 ya Surat an-Nur inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba na watumishi huagizwa waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Nilimsomesha mpwa wangu aya hiyo akiwa mdogo. Jioni ile aliniuliza: je, kamera iliyo ndani ya nyumba yaomba ruhusa lini? Ikabidi nifikiri. Katika mipangilio ya rekoda mna ratiba ya kurekodi, saa kwa saa kwa juma zima. Ile ya ngazi, ambayo inatazamana na mlango wa chumba, tuliiwekea irekodi tu wakati nyumba haina watu.

Kwa walio katika nyumba za kupanga mambo ni tofauti, na hapa nawalenga hasa wazazi wenye mabinti katika mabweni ya Thika, Juja na Ruiru. Kamera za huko si zenu, na ukurasa wa rekoda hamwezi kuufungua. Mnaweza kuuliza. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimgusi mtu anayeshughulika na mambo ya nyumbani kwake tu, lakini mwenye kupangisha anayerekodi wapangaji wake hawezi kujificha nyuma ya msamaha huo. Ana wajibu wa kuwaambia kuwa wanarekodiwa na kwa sababu gani, na mpangaji ana haki ya kuomba picha zake na kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Ofisi hiyo ina meno: Septemba 2023 iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Mpwa wangu aliporudi Thika alimwendea msimamizi wa bweni lake. Aliuliza maswali matatu: kamera ya ukumbi wa ghorofa ya pili inaona hadi wapi, ina sauti au haina, na nani mwingine mwenye nywila. Msimamizi hakuyajua majibu hata moja. Alimpigia mwenye jengo, na mwenye jengo akampigia fundi. Siku nne baadaye kamera ile, ambayo ilikuwa ikitazama mlango wa bafu, iligeuzwa kuelekea ngazi. Swali la nywila bado halijajibiwa, na binti ameniambia atauliza tena mwisho wa mwezi atakapolipa kodi.

Ama kule Ruiru, siku ya tatu fundi alimpigia shemeji. Alisema mfumo wetu umeharibika, kwani haoni kitu, na kwamba angekuja kuutengeneza kwa bei nafuu. Shemeji akampa dada yangu simu.

"Sisi tunaona vizuri," akamwambia, akaenda zake kuanua nguo.