Mkubwa Anapofungiwa Mlango



Mara kwa mara tunasikia redioni kwamba afisa wa serikali fulani amepigwa marufuku kuingia Marekani au Uingereza kwa kuvunja haki za binadamu. Kwenye vikundi watu huulizana: "Kwani amehukumiwa? Na sisi watu wa kijijini inatuhusu nini?" Hebu tueleze.

Ilianzaje?

Kila nchi yaweza kumkatalia mgeni, kama vile mwenye boma anavyochagua wa kufunguliwa. Lakini sheria inayotajwa sana siku hizi ilitokana na kifo cha Mrusi mmoja, Sergei Magnitsky. Kazi yake ilikuwa kushauri makampuni juu ya ushuru, mjini Moscow. Aligundua kwamba dola milioni 230 za ushuru zimeibwa kwa ujanja kutoka hazina ya serikali, akawataja maafisa wa polisi. Basi Novemba 2008 akakamatwa yeye, eti alisaidia kukwepa ushuru!

Rumande aliugua, akanyimwa matibabu ya kufaa. Hakunyamaza. Aliandika malalamiko, karatasi baada ya karatasi. Tarehe 16 Novemba 2009 alifia kizuizini, akiwa na miaka 37. Mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Urusi ilishindwa kulinda uhai wake.

Sheria yenyewe

Desemba 2012 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake: waliohusika wasipewe viza, na mali yao iliyoko Marekani ifungwe. Orodha ya kwanza, Aprili 2013, ilikuwa na majina 18. Mwaka 2016 sheria ikapanuliwa iguse maafisa wa nchi zote za kigeni. Kanada ilipitisha yake 2017, Uingereza ikaanza 2020.

Hata kwa jirani zetu imefika. Septemba 2019 Jenerali Kale Kayihura, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Uganda kutoka 2005 hadi 2018, aliwekwa kwenye orodha. Marekani ilidai kwamba kikosi kilichokuwa chini yake kiliwatesa watu waliokamatwa.

Isichoweza kufanya

Tusidanganyane. Kunyimwa viza si hukumu ya mahakama wala si kifungo. Mama aliyefiwa halipwi hata senti. Tena siasa huingia: serikali yaweza kumfungia adui na kumwachilia rafiki. Na sheria hiyo ya Marekani haiwagusi Wamarekani wenyewe.

Pia kuna kulipiza kisasi. Mwezi huo huo wa Desemba 2012, Urusi iliwakataza Wamarekani kuwalea watoto yatima wa Kirusi kama watoto wao. Yatima wana kosa gani? Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Sisi inatuhusu nini?

Sheria ya Marekani inaruhusu habari za kuaminika kutoka mashirika yanayofuatilia haki za binadamu. Na mashirika hayo huzipata wapi? Kwa watu walioona wakaandika. Vikundi vyetu vinajua: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo.

Lakini tusingoje nchi za mbali. Mwenzetu akipigwa au kuteswa na afisa hapa Kenya, tufanye hivi:

1. Andikeni siku hiyo hiyo: mahali, saa, na jina au namba ya afisa kama imeonekana. Msiongeze chumvi.
2. Mpelekeni hospitali, mweke karatasi zote.
3. Pigeni ripoti polisi, mchukue namba ya OB na fomu ya P3, daktari aijaze.
4. Kama aliyetenda ni polisi, pelekeni malalamiko IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi.
5. Wekeni nakala mahali pawili, kwa watu wawili tofauti.

Magnitsky hakujua kalamu yake ingefika wapi. Wakubwa waliomtesa hawakujua pia.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Je, kuna jambo lililotendeka hapa kwetu ambalo hakuna aliyeliandika? Tulipoteza nini?
- Mtu akiogopa kutoa ushahidi, kikundi kitamsaidiaje bila kumtia hatarini?
- Nani katika kikundi chetu atatunza karatasi hizi?