Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kumpeleka Mtoto Chuo Bara: Mfano wa Vyuo vya Moshi

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, vyuo huwaita vijana na wazazi kwenye vikao vya maelezo. Wengi wetu husikiliza, huchukua kipeperushi na kurudi nyumbani kimya. Tatizo huonekana baadaye, mtoto ameshavuka bahari na ada imeshalipwa.

Kuuliza ni katika dini. Suratun-Nahl, aya ya 43, inatuelekeza kuwauliza wenye kujua pale tusipojua. Na Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani kisha akapata janaba. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafariki. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, na akabainisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza.

Tuchukue mfano wa Moshi. Chuo Kikuu cha Ushirika kilianza mwaka 1963 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nacho kilianza mwaka 1963, na kinafundisha usimamizi wa wanyamapori. Hivi ni vya Serikali. Chuo cha udaktari cha KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na Chuo Kikuu cha Mwenge vina msingi wa Kikristo.

Kujifunza elimu yenye manufaa kwa asiyekuwa Muislamu si haramu kwa asili yake. Baadhi ya mateka wa Badr walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Kinachobaki ni kujua masharti ya mahali, na hapo ndipo maswali yanapohitajika.

1. Kozi inatambuliwa? Usiishie kuuliza kama chuo kimesajiliwa. Uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa na TCU, au NACTVET kwa stashahada. Kwa fani za tiba, uliza pia kama baraza la taaluma hiyo linaitambua. Kisha hakikisha mwenyewe kwenye mwongozo wa udahili.

2. Gharama zote ni kiasi gani? Ada ni sehemu tu. Kuna malazi, bima ya afya, vifaa na mafunzo kwa vitendo. Wewe wa visiwani ongeza boti hadi Dar es Salaam, basi la zaidi ya kilomita 500, na nguo nzito za baridi ya Juni na Julai.

3. Mkopo una ziada? Bodi ya Mikopo (HESLB) ilikuwa ikitoza asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Zanzibar nayo ina bodi yake. Uliza mkataba wa leo unasemaje: kuna nyongeza yoyote juu ya deni, au faini ya kuchelewa? Jina la tozo halibadilishi hukumu ya riba. Msomeshe shekhe mkataba huo kabla kijana hajatia saini.

4. Dini italindwa vipi? Ukiuliza, “Mnaheshimu dini zote?” utajibiwa ndiyo. Uliza mambo mahususi: Ijumaa mchana kuna vipindi au mitihani? Hijabu inaruhusiwa wodini na maabara? Ibada za chuo ni lazima kwa wote? Ramadhani kuna daku kwa wanaokaa bweni?

5. Binti atakaa wapi, na atasafiri na nani? Uliza bweni lina nafasi kwa miaka yote au mwaka wa kwanza tu. Kwa kozi zenye mafunzo ya porini, uliza mahema ya wanawake yanatengwa vipi. Ama safari bila ya mahram, wanazuoni wamekhitalifiana. Muulizeni mwanachuoni mnayemwamini au Ofisi ya Mufti mapema, si siku ya boti.

Ulizeni kwa adabu, na mwacheni kijana aulize mwenyewe, kwani ndiye atakayesoma. Andikeni jibu na cheo cha aliyejibu. Kwa jambo zito, ombeni jibu la maandishi. Kisha mtafuteni mwanafunzi Muislamu anayesoma hapo, mlinganishe majibu.

Baada ya kuuliza na kushauriana, swalini istikhara.

Wallahu a‘lam.